Nilivyomwambia Ubaldo Ndiyo Mara Tatu

Jumatatu, 22 Aprili. Basel.

Nimefanya upumbavu. Nauandika upesi, kabla sijaanza kuuona kuwa ni busara.

Leo mkutano wa Chama cha Matembezi, sisi wageni tunaoishi mji huu. Watu kumi, kahawa, keki ya karoti. Safari ya majira ya kuchipua imeamuliwa: Roccamorsa, kijiji cha milimani huko Abruzzo, Italia. Katibu akasema kijijini huko hakuna ajuaye Kiingereza, tunahitaji msemaji. Fergus Tindall akaanza kuinua mkono. Polepole, kama mtu anayeinua glasi ya mvinyo. Fergus ni wa New Zealand, anajua lugha nne, na huzitaja zote bila kuulizwa. Mkono wake haujafika begani, nikasikia sauti ikisema Kiitaliano ni lugha ya bibi yangu, nimelelewa nayo.

Sauti ilikuwa yangu.

Bibi yangu alizaliwa Saskatchewan, Kanada, kama mimi. Alilima ngano. Lugha yake ya pili ilikuwa kuita kuku.

Nilisema kwa ajili ya Henrike Bosma. Mholanzi, daktari wa meno, mjane, hucheka kwa macho kabla ya mdomo. Alinigeukia akasema, "Kumbe, Lorne! Na miaka yote hii umenyamaza?" Nikajibu kwamba mimi si mtu wa kujisifu.

Nimechaguliwa bila kupingwa. Fergus alipiga makofi muda mrefu kuliko wote. Sikuyapenda makofi yale.

Jumatano, 24 Aprili.

Nimenunua kitabu cha Kiitaliano. Ukurasa wa kwanza: kwa Waitaliano neno meza ni la kike. Sababu haikutolewa. Nikakifunga.

Nina mbinu bora. Nitasema sì. Sì ni ndiyo. Anayekataa ndiye hudaiwa maelezo. Anayekubali hupewa kiti. Nimejizoeza mbele ya kioo: sì ya furaha, sì ya kutafakari, sì ya mtu aliyeyasikia hayo zamani. Na mikono. Waitaliano husema nusu ya maneno kwa mikono. Nimevunja taa.

 

Ijumaa, 26 Aprili. Roccamorsa.

Tumefika. Safari ya siku mbili. Dakika ishirini nzima treni ndani ya handaki chini ya milima ya Alpi, mlima wote juu ya utosi wangu. Henrike alisinzia. Mimi nilishikilia kiti kana kwamba kiti ndicho kilichobeba mlima.

Baada ya mpaka, kondakta akaniuliza swali refu. Nikatoa sì ya kutafakari. Akatuhamishia behewa la mwisho, tukakaa saa nne katikati ya mahujaji sitini waliokuwa wakiimba. Inaelekea aliuliza kama sisi ni wenzao. Fergus akaninong'oneza, "Ulimwelewa vizuri, mzee?" Nikamwambia kila neno, na kwamba mimi hupenda kwaya.

Bologna, tulikolala jana, Henrike alitoweka nusu saa, akarudi na mkate na soseji nene, muuza duka akimsindikiza mpaka mlangoni, wote wawili wanacheka. Ajabu jinsi mtu anavyoweza kuelewana na watu kwa ishara tu.

Kijiji ni mawe juu ya mawe, ukingoni mwa genge. Mwenye nyumba yetu anaitwa Bi Ersilia. Kimo cha mtoto wa shule, nguo nyeusi toka kichwani hadi miguuni. Nyumba ina madirisha sita upande wa barabara, yote yamefungwa. Hakunisalimu. Alishika mikono yangu miwili, akaigeuza juu chini, kama anunuaye samaki.

Kisha baa, mkabala na kanisa. Hapo akaja Mzee Ubaldo, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu ya kijiji, sharubu kama ufagio. Akaniuliza jambo. Baa nzima ikanyamaza. Sì. Akauliza la pili kwa sauti ya chini, akionyesha kanisa. Sì. Akaniwekea mkono begani, macho yamelowa, akauliza la tatu. Sì, sì!

Baa ikalipuka. Nimebusiwa na wanaume kumi na mmoja. Bi Ersilia alijifunika uso kwa aproni akalia.

Henrike akauliza mzee kasema nini. Nikasema anatukaribisha. Akauliza, "Mara tatu?" Nikasema watu wa huku ni wakarimu.

Fergus alikuwa ameangalia kikombe chake. Masikio yamemwiva.

Jumamosi, 27 Aprili.

Kuna jambo. Kuna jambo!

Mwoka mikate amekataa pesa yangu. Mama mmoja kanigusisha kichanga chake kwenye mkono wa shati, kisha akapiga ishara ya msalaba. Baada ya chakula cha mchana akaja fundi cherehani na futi yake. Akanipima mikono. Kifua. Shingo mara mbili. Miguu hakuitazama kabisa.

Kwa nini shingo?

Halafu Ubaldo kaja kuninusa. Sitii chumvi. Kaninusa kisogoni na viganjani, akatikisa kichwa, akaingia msalani kwangu, akatoka na sabuni yangu na marashi yangu. Kaniachia kipande cha sabuni nyeupe isiyo na harufu yoyote. Jioni, mishikaki ya kondoo. Wenzangu wamewekewa na kitunguu saumu. Yangu Bi Ersilia kaifuta kwa kitambaa, mmoja mmoja.

Shingo. Harufu. Chakula maalumu. Kwetu Kanada bata mzinga tulikuwa tukimtenga hivihivi, wiki moja kabla ya sikukuu.

Nimejaribu simu. Inaweza kutafsiri sauti, ila mtandao unapatikana makaburini tu. Nikaenda na maneno ya Bi Ersilia niliyoyarekodi kwa siri. Wanasema kilugha chao cha mlimani, simu ikahangaika, ikatoa hivi: "Mume wangu alivaa, sasa yuko chini, wewe utavaa iliyo ndefu."

Niliisikiliza mara tano, nimesimama kati ya makaburi.

Jumapili, 28 Aprili.

Kanisani. Padri kalitaja jina langu kwa matamshi ya huku. "Lorno Asket." Watu wote wakageuka. Nikasikia pia neno morto. Hilo halihitaji bibi wa Kiitaliano. Ni maiti.

Karibu na altare kuna picha za wanaume ukutani, mstari mmoja, wote wamekufa, ukiwatazama tu unajua. Ya mwisho ina utepe mweusi. Kando yake, msumari mtupu. Msumari mpya, unang'aa!

Nimeamua kutoroka. Jumapili hakuna basi. Nikaondoka kwa miguu, kilomita kumi na nne mpaka stesheni, nimevaa soksi mbili mbili na pasi yangu ya kusafiria ndani ya kofia. Kona ya pili, nyuma yangu nikasikia kigari cha magurudumu matatu. Ubaldo. Alidhani nanyoosha viungo. Akafurahi sana. Akaegesha, akanishika mkono, tukapanda tena mlima pamoja, yeye akinipigapiga kifua na kukisifia, nadhani, kwa upana wake.

Ningeweza kumuuliza Fergus. Lakini bora kufa.

Nikitazama mstari uliopita naona kwamba huenda ndivyo mambo yatakavyokwenda.

Jumatatu, 29 Aprili.

Mbinu mpya. Nitamwachia Fergus heshima hii, iwe ni heshima gani.

Nilimfuata Ubaldo baani. Kwa mikono nikamweleza: Fergus ni kijana kuliko mimi. Fergus ana nguvu. Fergus ana shingo ndefu, tazama! Ubaldo akakichukua kiganja cha Fergus, akakiminya, akajifuta mkono kwenye suruali. Akasema kitu, baa nzima ikaangua kicheko. Fergus naye akacheka, akanitafsiria kwa raha zote, "Anasema mikono yangu ina jasho. Anasema hawatanipenda."

Nikauliza akina nani hao.

"Aa, mzee," akasema. "Si wewe ndiye msemaji wetu?"

Hawatanipenda. Nimelipindua neno hili tangu asubuhi. Hawa! Basi si kamba, si upanga, si moto. Ni viumbe hai. Na ni wengi.

Jumanne, 30 Aprili.

Asubuhi nilijifunga bandeji mkono mzima, nikanung'unika ngazini ili nisikike. Bi Ersilia akamwita daktari. Kijiji hiki daktari wake ni wa ng'ombe. Kaifungua bandeji, kaupinda mkono huku na huku, kanikagua na meno, kanipiga kofi la mgongoni na kutoa tamko. Watu mlangoni wakashangilia. Mimi mzima.

Basi Ubaldo akanishika kiwiko, akanishusha ghala la chini la Bi Ersilia. Baridi. Harufu ya udongo. Masanduku ya mbao yenye wavu, yamefunikwa shuka. Akalifunua la kwanza.

Nyoka.

Nyoka! Wamesokotana kama matumbo. Rangi ya majani makavu, mistari minne myeusi toka shingoni mpaka mkiani. Mmoja akainua kichwa, akautoa ulimi, akanitazama kama karani anayetafuta jina langu kwenye orodha. Damu yote ilinihama. Sijui iliko hadi sasa.

Ubaldo akachora duara kwa kidole shingoni mwake. Kisha shingoni mwangu. Akanionyesha yule mkubwa kuliko wote, mrefu kunishinda, akamtaja jina: Regina. Akauliza, nadhani, kama nampenda.

Nikasema, Mungu anisamehe, sì. Mazoea.

Naandika haya juu ya kitanda, miguu nimeikunja. Nimetazama chini ya mto mara saba. Kila nikitazama naogopa zaidi, maana haiwezekani mara zote saba asiwepo.

Jumatano, 1 Mei.

Henrike kanikuta kwenye bustani ya mboga, nimekaa juu ya pipa. Nilikuwa nimeepuka majani. Akaniambia nisogee, akakaa nami.

Akasema aliishi Bologna miaka sita, alisomea meno huko. Ameelewa kila kitu tangu yule kondakta.

Kila kitu!

Kisha akanieleza. Kila majira ya kuchipua sanamu ya mtakatifu wao hutolewa kanisani na kuzungushwa kijijini, na mbele yake hutembea mtu mwenye nyoka shingoni. Miaka arobaini mtu huyo alikuwa Nunzio, mume wa Bi Ersilia, ndiye wa picha yenye utepe mweusi; msumari mtupu unamngoja mrithi wake. Nunzio alifariki Januari. Mwaka anaokufa mbeba nyoka, mwanakijiji haruhusiwi kushika nafasi yake. Lazima aje mgeni, aulizwe mara tatu, akubali kwa hiari yake. Asipopatikana, sanamu haitoki, na mjane hafungui madirisha ya mbele mpaka mwaka unaofuata. Tangu Januari walikuwa wakimngoja mgeni. Hakuna aliyekuja mlimani kwa sababu ya theluji. Ndipo nikaja mimi na sì zangu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuwa nakungoja uniambie wewe," akasema. Kwamba mwoga anamvumilia, yeye mwenyewe akipanda lifti hufumba macho. Asichoweza ni kukaa na mtu ambaye hayupo. "Niambie kitu kimoja cha kweli, Lorne. Kimoja tu."

Nikasema naogopa. Kilitoka kidogo, kama mlio wa mlango.

Akanishika mkono. Tukakaa hivyo. Halafu akasema nyoka wale hawana sumu, huchukia harufu kali tu, na kwamba Ubaldo ataniachia nikimwambia no. Neno lenyewe ni fupi, akasema, halizidi lile ulilozoea.

Nikaenda moja kwa moja jikoni kumwambia Bi Ersilia no. Nimelibeba mdomoni njia nzima, nisiliangushe. Nikamkuta anapiga pasi shati jeupe la Nunzio. Fundi alikuwa amelipunguza kola. Kwa shingo yangu. Akaliinua mbele ya taa nilione.

Nikafungua mdomo. Kikatoka bella. Zuri.

Ndilo neno la kwanza la Kiitaliano nililolisema nikijua maana yake.

Alhamisi, 2 Mei.

Nipo hai. Naanza na hilo.

Saa tano asubuhi, uwanja wa kanisa umejaa, watu hadi juu ya paa. Shati jeupe. Kengele. Ubaldo akaja na Regina mikononi, akanivika.

Ni mzito. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu nyoka, uzito. Tena si baridi kama nilivyodhani. Alikuwa vuguvugu, ameota jua. Akanizunguka mara moja, akaweka kichwa chake chini ya sikio langu la kushoto, akaanza kunionja kwa ulimi.

Sanamu ikatoka. Bendi ikaanza. Ubaldo akanipa ishara ya kutembea. Miguu ikakataa. Sikuigomesha mimi, iligoma yenyewe. Nikasimama kama nguzo, macho wazi, sipepesi. Bendi ikarudia wimbo tangu mwanzo. Hatimaye wanaume wawili wakanishika viwiko, wakaninyanyua, na hivyo ndivyo nilivyozunguka Roccamorsa, ncha za viatu zikigusa barabara hapa na pale.

Mbele ya baa Regina akachoka na shingo. Akaingia ndani ya shati. Nikamsikia akishuka kifuani, tumboni, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kijiji kizima kikashika pumzi. Mimi pumzi sikuwa nayo ya kushika. Sikusogea hata unywele. Nikasikia wakinong'ona kuraggio, kuraggio, na wazee wakavua kofia. Henrike kanieleza baadaye: neno hilo ni ujasiri, na wanasema hata Nunzio hakuwahi kutulia hivyo.

Tulipofika mlangoni pa Bi Ersilia, yeye mwenyewe akaingiza mkono shatini, akamtoa Regina, akamkabidhi Ubaldo. Akanishika uso. Akaniambia jambo refu, la chini. Sikuelewa. Sikusema sì. Nilimwambia kwa lugha yangu kwamba sielewi hata neno moja, na kwamba pole sana kwa mume wake. Akatikisa kichwa kana kwamba yeye kaelewa. Kisha akaingia ndani, na dirisha la kwanza likafunguka. La pili. Yote sita. Alitupa nje vumbi la miezi minne, likatuangukia, na hakuna aliyesogea.

Nililia. Nasingizia vumbi.

Jambo jingine, dogo, lakini lazima liandikwe. Katika shangwe, Ubaldo alimwekea Fergus kinyoka chembamba begani, kama mkufu. Fergus alipanda chemchemi ya uwanjani mpaka juu kwenye simba wa mawe. Akateremshwa kwa ngazi. Kwa ngazi! Ya wazima moto.

Jumamosi, 11 Mei. Basel.

Kahawa kando ya mto Rhine na Henrike. Mimi na yeye, tumepanga wenyewe. Jua, watu wamelala majanini, boti za mizigo zinapita. Nilimwambia kweli kuhusu bibi yangu na kuku. Alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema hajawahi kunipenda kama leo. Alitumia neno hilo! Nikaona maisha mapya yananyooka mbele yangu, maisha ya mtu mkweli, mepesi, yasiyo na jasho.

Kisha akasema kesho anaingia mtoni. Wapo wachache wasiosubiri kiangazi: nguo kwenye mfuko usioingia maji, unajitupa juu kule kwenye daraja la kwanza, mkondo unakubeba mpaka katikati ya mji. Maji ni ya nyuzi kumi na tatu. Mkondo una kasi, siku hizi theluji inayeyuka. Akaniangalia usoni, kwa upole kabisa, akaniuliza kama najua kuogelea. "Sema kweli, Lorne. Kama hujui, hakuna aibu. Nitakuja tu kunywa kahawa nawe baada ya hapo."

Kahawa! Mlango wazi kabisa, taa zimewashwa, zulia limetandikwa.

Ndipo Fergus akapita na baiskeli. Akasimama. Akasikia habari ya mto, akasema yeye angekuja, ila kifua chake hakipatani na maji baridi.

Nikasikia sauti ikisema kwamba kwetu Saskatchewan mtoto huogelea kabla ya kutembea, na kwamba nyuzi kumi na tatu kwetu ni maji ya kuogeshea wagonjwa.

Saskatchewan haina bahari. Maji hayajawahi kunipita magoti.

Henrike akamalizia kahawa yake. Akasema haya basi, saa nne asubuhi, darajani.

Nimenunua mfuko, miwani ya majini na kitabu cha kujifunza kuogelea. Nimefika ukurasa wa tisa. Mpaka sasa sijaona kigumu.